Gofu na Hame: Nyumba ya Mawe ya Munge na Historia ya Ujenzi katika Nyanda za Ngorongoro na Karatu

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina maneno mawili ya kutaja makazi yaliyoachwa, na maneno hayo hayana maana moja. Gofu ni jengo lililopoteza paa na wakazi wake lakini likabakiwa na kuta. Hame ni mahali palipohamwa, na neno lenyewe linatokana na kitenzi hama. Ili gofu liitwe gofu, lazima pawe na ukuta wa kuonyesha. Ili hame liitwe hame, yatosha kuwapo mtu anayejua kwamba watu waliishi pale, kisha wakaondoka.

Upande wa kaskazini wa sakafu ya kasoko ya Ngorongoro, karibu na kijito cha Munge, pana gofu la nyumba ya shamba iliyojengwa kwa mawe na mlowezi wa Kijerumani, Adolf Siedentopf, katika muongo wa kwanza wa karne ya 20. Katika kasoko hiyohiyo pana mahame ya Wamaasai, ambao maboma yao yalikuwapo kabla ya nyumba hiyo, yakaendelea kuwapo miaka mingi baada yake, na ambayo leo hayana hata ukuta mmoja. Mgeni anayeshuka katika kasoko anaweza kuonyeshwa gofu. Ni vigumu kuonyeshwa hame.

Mhadhara huu unaitazama nyumba ya Munge kama jengo na kama hoja. Unadai kwamba utaratibu wa kisheria wa kulinda mambo ya kale nchini Tanzania umezoea kusoma magofu na haujajifunza kusoma mahame. Kwa sababu hiyo, historia ya ujenzi katika nyanda za Ngorongoro na Karatu imekuwa ikisimuliwa kana kwamba aliyejenga ni yule tu aliyeacha jiwe juu ya jiwe.

2.0 Nyumba ya Munge

Mzungu wa kwanza kuandika habari za kasoko ya Ngorongoro alikuwa Oscar Baumann, aliyefika huko mwezi Machi 1892. Ulikuwa wakati mbaya kuliko nyakati zote kwa wafugaji wa Afrika Mashariki. Sotoka ilikuwa imeua ng'ombe kwa wingi mno, na njaa na maradhi vikafuata. Wamaasai ambao Baumann aliwakuta walikuwa wamedhoofika. Jambo hili ni la msingi katika historia ya nyumba ya Munge, kwa kuwa nchi iliyopungukiwa na watu kwa sababu ya msiba ni rahisi kuitwa nchi isiyo na mwenyewe.

Mwaka 1895 serikali ya Kijerumani ilitoa amri iliyoifanya ardhi yote iliyohesabiwa kuwa haina mmiliki kuwa mali ya taji. Chini ya utaratibu huo, walowezi waliweza kupewa ardhi kwa kununua au kwa kukodi. Adolf Siedentopf alikodishwa eneo ndani ya kasoko, na nduguye, Friedrich Wilhelm, naye akawa na shamba humo. Walifuga ng'ombe, wakaandaa misafara ya kuwinda kwa ajili ya rafiki zao, na wakajaribu kuwafukuza nyumbu watoke katika kasoko ili malisho yabakie kwa mifugo. Jaribio hilo halikufaulu.

Mahali alipojenga Adolf panaeleweka vizuri kwa kuitazama nchi yenyewe. Kijito cha Munge hutoka katika kasoko ya Olmoti, kikateremka mpaka sakafu ya Ngorongoro, kisha kikaishia katika ziwa la magadi. Maji ya ziwa ni ya chumvi. Maji ya kijito ni matamu. Sakafu ya kasoko ina eneo la takriban kilomita za mraba 260, na sehemu kubwa yake ni nyasi tupu. Katika uwanda kama huo, anayekaa kando ya kijito anashika kitu ambacho kila mfugaji anakihitaji. Wafugaji wa Kimaasai walilijua hilo kabla ya mlowezi. Tofauti ni kwamba wao waliyaendea maji na kuyaacha kwa kufuata majira, naye aliyawekea nyumba.

Uamuzi wa kujenga kwa mawe nao wahitaji kufikiriwa. Mawe ya volkano hayakosekani katika nchi hii, na mtu aliyetaka kuta nene za kuzuia baridi ya usiku na wanyama alikuwa na kila sababu ya kuyatumia. Hata hivyo, ukuta wa mawe hufanya kazi nyingine pia. Mkataba wa kukodi ardhi ni karatasi iliyowekwa mbali, katika ofisi ya serikali. Nyumba ya mawe ni tangazo lililowekwa mahali penyewe. Inamwambia apitaye kwamba mwenye kuijenga hakuja kwa msimu. Kwa bahati, tangazo hilo lilidumu kuliko dai lenyewe: Vita Kuu ya Kwanza iliwaondolea Wajerumani koloni na mashamba, lakini mawe yakabaki.

3.0 Mawe yaliyotangulia

Mtu anayeliona gofu la Munge bila kuelezwa zaidi anaweza kudhani kwamba ujenzi wa mawe uliletwa Ngorongoro na walowezi. Ushahidi wa nchi yenyewe unakanusha dhana hiyo mara tatu.

Ushahidi wa kwanza umo humohumo ndani ya kasoko. Marundo ya mawe yaliyofunika makaburi ya kale yaligunduliwa katika enzi ya Wajerumani, na baadhi yakachimbwa. Baadaye Mary Leakey naye aliyachunguza. Waliozikwa humo walikuwa watu wa jamii za wafugaji wa zamani sana, waliokuwa wakitengeneza hata mabakuli ya mawe. Kwa hiyo jiwe lilikwisha kutumika katika kasoko kwa ajili ya heshima ya wafu maelfu ya miaka kabla halijatumika kwa ajili ya nyumba ya mlowezi.

Ushahidi wa pili ni makaburi ambayo Wadatoga wanayaheshimu kuwa ni ya wakubwa wao. Wadatoga waliishi katika nyanda hizi kabla ya kuondolewa na Wamaasai katika karne ya 19, na kumbukumbu ya makaburi hayo imedumu miongoni mwao ingawa makazi yao ya zamani hayaonekani tena. Hapa jiwe dogo na kumbukumbu kubwa vinashirikiana kulishikilia hame.

Ushahidi wa tatu ni Engaruka, chini ya miteremko ya mashariki ya nyanda za Ngorongoro. Huko, kati ya karne ya 15 na karne ya 18, wakulima walijenga vijiji juu ya matuta yaliyozuiwa kwa mawe, wakachimba mifereji ya kumwagilia maji, na wakagawanya mashamba kwa mistari ya mawe katika eneo la takriban kilomita za mraba 20. Mawe yalipangwa bila udongo wa kuyashikiza wala chokaa. Kilichoyashikilia ni ustadi wa kupanga tu. Gustav Fischer aliyataja magofu hayo baada ya kupita huko mwaka 1883, na watafiti wengi wameyachunguza tangu hapo. Yakilinganishwa na kazi hiyo, nyumba ya Munge ni jambo dogo na la juzi.

4.0 Nyumba zisizoacha kuta

Ikiwa jiwe lilijulikana, kwa nini wenyeji wengi hawakulitumia katika nyumba zao? Jibu limo katika matumizi ya nyumba zenyewe.

Katika nchi ya Wairaqw, ambao kwa Kiswahili wamezoeleka kuitwa Wambulu, nyumba ya zamani ilichimbwa ndani ya mteremko wa kilima. Sehemu ya nyuma ilizama ardhini, na paa lilikuwa bapa, likafunikwa udongo hata majani yakaota juu yake. Aliyetazama kutoka mbali hakuona nyumba, bali aliona kilima. Wairaqw wenyewe hueleza kwamba namna hiyo ya kujenga iliwaficha wao na mifugo yao wakati wa mashambulizi ya Wamaasai. Ni ujenzi ambao ubora wake umo katika kutoonekana. Nyumba ya Munge ilijengwa ili ionekane, na nyumba ya Kiiraqw ilijengwa ili isionekane. Si haki kuzipima zote mbili kwa kipimo cha kuonekana.

Kwa Wamaasai, nyumba, yaani enkaji, hujengwa na wanawake kwa fito na kukandikwa kwa mavi ya ng'ombe. Nyumba kadhaa zilizozungushiwa ua wa miiba hufanya enkang, ambayo kwa Kiswahili cha Tanzania huitwa boma. Boma huhamwa malisho yanapokwisha, ugonjwa unapoingia au familia inapogawanyika. Kuhama si dalili ya kwamba ujenzi ulishindwa, maana ni sehemu ya mpango wake tangu mwanzo. Nyumba inayoweza kurudi ardhini bila kuacha kifusi inaiachia ardhi nafasi ya kuota tena.

Neno boma lenyewe linastahili kuangaliwa. Neno hilo moja hutaja ua wa mifugo wa Wamaasai na ngome ya serikali. Boma la Arusha, ambalo sasa ni makumbusho, lilijengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kazi ya kulazimishwa ya Waarusha na Wameru walioshindwa vitani, na mpaka leo katika miji mingi ya Tanzania "kwenda bomani" ni kwenda katika ofisi za serikali. Lugha iliziona zote mbili kuwa maboma kwa sababu iliangalia kazi, ambayo ni kuzungushia na kulinda, wala haikuangalia kilichojengewa. Ni sheria iliyokuja baadaye kuzitenganisha.

5.0 Nyumba ya shamba: kutoka pwani hadi Karatu

Vilevile, Kiswahili hakina neno moja la kutaja jengo la aina ya nyumba ya Munge. Husemwa "nyumba ya shamba", na fungu hilo la maneno lina historia yake. Katika miji ya pwani, nyumba ya mawe ilikuwa nyumba ya mjini. Ilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na upana wa vyumba vyake ulifungwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, hata vyumba vikawa virefu na vyembamba. Shamba lilikuwa mahali pa kazi, nje ya mji. Mwenye shamba aliyeheshimika alikaa mjini, na waliokaa shambani walikuwa watumwa, vibarua na wasimamizi. Mpaka leo kumwita mtu "wa shamba" ni kumwambia kwamba hajui ustaarabu wa mji.

Karatu uligeuza mpangilio huo. Kuanzia miaka ya 1920, Wajerumani waliporuhusiwa kurudi Tanganyika chini ya utawala wa Waingereza, walowezi walipata mashamba katika miteremko ya Oldeani na Karatu, wakalima kahawa na ngano. Hapa nyumba ya shamba ndiyo iliyokuwa nyumba ya bwana. Mfano unaojulikana zaidi ni nyumba iliyojengwa mwaka 1929 juu ya mji wa Karatu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mali za Wajerumani ziliwekwa chini ya msimamizi wa mali za adui. Shamba hilo lilinunuliwa mwaka 1948 na James Gibb, na mwaka 1972 nyumba ikafunguliwa kwa wageni. Leo inaitwa Gibb's Farm.

Ulinganisho wa nyumba mbili hizi unafundisha. Nyumba ya mwaka 1929 haikuwahi kuwa gofu kwa sababu ilipata matumizi mapya kila ilipobadili mikono. Ilikuwa makazi ya mlowezi, ikawa kiini cha shamba la kahawa, kisha ikawa nyumba ya wageni. Nyumba ya Munge haikupata bahati hiyo. Jengo hulindwa kwanza na anayelitumia. Sheria huja kumrithi mtumiaji pale tu anapotoweka.

6.0 Sheria na miaka yake

Sheria zilizoizunguka nyumba ya Munge ni nyingi, na kila moja ina namna yake ya kuamua nani yupo na nani hayupo. Mwaka 1928 uwindaji ulipigwa marufuku ndani ya kingo za kasoko, isipokuwa katika yale yaliyokuwa mashamba ya akina Siedentopf. Wenyewe walikuwa wamekwisha kuondoka miaka mingi, lakini mipaka ya shamba lao bado ilitambuliwa na sheria. Mipaka ya malisho ya Wamaasai, ambao bado walikuwapo, haikupata hadhi hiyo.

Mwaka 1959 Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilitenganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na Wamaasai waliotakiwa kuondoka Serengeti wakahamia huko kwa ahadi kwamba uhifadhi na maisha ya wafugaji vitakwenda pamoja. Mwaka 1974 wale walioishi ndani ya kasoko waliondolewa. Kwa miaka mingi baada ya hapo waliruhusiwa kuteremsha ng'ombe mchana kwa ajili ya maji na chumvi, hadi ruhusa hiyo nayo ilipoondolewa katika muongo wa 2010. Tangu mwaka 2022 serikali imekuwa ikiwahamishia wakazi wa Ngorongoro katika kijiji cha Msomera, wilayani Handeni. Serikali imesema kuhama huko ni kwa hiari, na baadhi ya wakazi na watetezi wao wamelipinga dai hilo.

Sheria ya Mambo ya Kale ilitungwa mwaka 1964 na kurekebishwa mwaka 1979. Katika sheria hiyo, jengo lolote lililojengwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 linalindwa bila kuhitaji tangazo. Lililojengwa baada ya hapo hulindwa iwapo Waziri atalitangaza. Milango na miimo iliyochongwa kwa mitindo ya Kiafrika au ya mashariki ina mwaka wake wa pekee, nao ni kabla ya 1940.

Ieleweke kwamba sheria haikutaja jiwe popote kuwa sharti. Nyumba ya udongo iliyojengwa mwaka 1850 inalindwa sawasawa na msikiti wa mawe wa karne ya 14. Lakini mwaka 1863 unafanya kazi ambayo neno "jiwe" halikupewa. Nyumba ya fito na mavi ya ng'ombe haiishi miaka mia. Nyumba ya Kiiraqw huishi maadamu paa lake linatengenezwa. Kwa hiyo kipimo cha umri, ambacho katika maandishi hakibagui, katika utekelezaji huchagua mawe na kuacha mengine yote. Hata mlango wa pwani ulihitaji kuwekewa mwaka wake, kwa kuwa watunga sheria walitambua kwamba mbao haishindani na jiwe. Boma na tembe havikuwekewa mwaka wao.

Tembe moja iliyopata heshima ya kuwa makumbusho inathibitisha hoja hii. Huko Kwihara, karibu na Tabora, tembe ambayo David Livingstone aliishi mwaka 1872 ilijengwa upya na inatunzwa. Inatunzwa kwa sababu ya mgeni aliyelala humo, si kwa sababu ya mafundi walioijenga.

Kwa umri wake, nyumba ya Munge yenyewe haiingii katika ulinzi wa mwaka 1863, kwa kuwa ilichelewa kwa takriban miaka 40. Kinachoilinda ni mahali ilipo: imo ndani ya eneo la hifadhi, ambalo liliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979 kwa sababu za maumbile, kisha mwaka 2010 kwa sababu za utamaduni pia, hasa kutokana na ushahidi wa chimbuko la binadamu katika Bonde la Olduvai na nyayo za Laetoli. Mwaka 2018 UNESCO ilipoitambua jiopaki ya Ngorongoro-Lengai, nyumba ya zamani ya Wajerumani ilitajwa miongoni mwa vivutio vyake pamoja na makaburi matakatifu ya Wadatoga na kijiji cha Irkepus. Orodha hiyo ni hatua njema, kwani inaweka kaburi, nyumba na kijiji katika sentensi moja.

7.0 Kulisoma hame

Inaweza kupingwa kwamba sheria haiwezi kulinda kisichoonekana, na kwamba hame bila ukuta ni masimulizi matupu. Pingamizi hilo lilikuwa na nguvu zamani. Sasa limepungua nguvu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu mahame matano ya wafugaji wa kale katika eneo la Narok, kusini mwa Kenya, ulionyesha kwamba samadi ya zizi huacha alama ardhini kwa muda mrefu ajabu. Mahame hayo yalikuwa na umri wa kati ya takriban miaka 1,550 na 3,700, na bado udongo wake ulikuwa na rutuba kuliko udongo uliouzunguka. Hata leo hutambulika kwa nyasi zake, na wanyama wa porini huyapenda. Katika nyanda za Mbulu, si mbali na Karatu, wanaakiolojia wamechimba Luxmanda, makazi ya wafugaji ya takriban miaka 3,000 iliyopita, ambayo hayakuwa na kuta za mawe za kuwaongoza.

Hivyo basi, boma huacha jengo la namna nyingine, yaani kiraka cha nchi kilichorutubishwa. Nyasi zinazowavuta swala katika mahame hayo ni kazi ya mikono ya watu kama ukuta wa Munge ulivyo kazi ya mikono ya watu. Ikiwa ndivyo, haitoshi kuligawa eneo kama Ngorongoro katika sehemu mbili, maumbile upande mmoja na magofu upande wa pili. Baadhi ya yale yanayoitwa maumbile ni mahame.

8.0 Hitimisho

Hakuna hoja katika mhadhara huu inayotaka gofu la Munge libomolewe au lisahauliwe. Nyumba hiyo ni ushahidi wa namna ardhi ilivyotwaliwa katika wakati wa msiba, na ushahidi wa dhuluma hustahili kutunzwa kama ushahidi wa fahari. Kinachodaiwa ni kwamba ushahidi huo usomwe pamoja na jirani zake: marundo ya mawe ya wafu wa kale, makaburi ya Wadatoga, mifereji ya Engaruka, nyumba zilizozama vilimani kwa Wairaqw, na maboma ya Wamaasai yaliyohamwa mwaka 1974. Mahame hayo ya karibuni yana jambo moja ambalo magofu hayana. Wapo bado wazee waliozaliwa humo, wanaoweza kusema zizi lilikuwa wapi na mlango ulielekea wapi.

Kazi ya kuyaandika majina na mipaka ya mahame hayo inahitaji wanaakiolojia, wanasheria na wanaisimu kwa pamoja, na inahitaji kufanywa wazee hao wakiwa hai. Gofu linaweza kumsubiri mtafiti miaka mia. Hame haliwezi, kwa kuwa hame humalizika siku anapokufa mtu wa mwisho anayelijua.